Jina la Kutukaniwa, Jina la Kujitambulisha: Audre Lorde, Barbara Smith na Uandishi wa Wasagaji Weusi wa Marekani

Mnamo tarehe 28 Desemba 1977, katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Lugha za Kisasa cha Marekani uliofanyika jijini Chicago, kiliandaliwa kikao kuhusu usagaji na fasihi. Miongoni mwa waliozungumza walikuwa Mary Daly, Judith McDaniel, Adrienne Rich na Audre Lorde. Wakati huo Lorde alikuwa mshairi mwenye umri wa miaka 43 na mama wa watoto wawili. Majuma machache kabla ya kikao hicho madaktari walikuwa wamemwarifu kwamba uvimbe uliokuwa titini mwake ulikuwa na uwezekano wa asilimia 60 hadi 80 wa kuwa saratani. Alingoja kwa majuma matatu ndipo upasuaji ukaonyesha kuwa haikuwa saratani. Hotuba yake ilihusu kunyamaza. Alidai kwamba alipoyatazama maisha yake kutoka ukingoni mwa kifo aligundua kuwa aliyoyajutia zaidi ni yale aliyoyanyamazia, na kwamba kunyamaza huko hakukuwa kumemkinga na lolote.

Kikao hicho ni mahali pafaapo pa kuanzia historia ambayo aghalabu husimuliwa kwa kurukwa kiini chake. Mwanafunzi wa fasihi anayeelezwa kwamba uhakiki wa kifeministi wa watu weusi uliibuka baada ya riwaya za Toni Morrison na Alice Walker kupata umaarufu, ameelezwa nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba misingi mingi ya uhakiki huo iliwekwa na wanawake waliojitambulisha hadharani kuwa wasagaji, tena wakadai kwamba kujitambulisha huko ni sehemu ya njia yao ya kusoma matini. Makala haya yanashikilia kwamba dai hilo lapasa kuchukuliwa kwa uzito. Wahakiki walionukuu hoja za Lorde na Smith kuhusu rangi na tabaka huku wakilifumbia macho suala la usagaji hawakufupisha tu, bali waliivunja hoja yenyewe.

Kabla ya kuendelea, suala la istilahi halina budi kutajwa. Neno 'msagaji', litokanalo na kitenzi 'kusaga', limebeba dharau katika matumizi ya kila siku, na wapo wanaopendelea maelezo yaliyo laini zaidi kama vile 'wanawake wapendanao'. Ulaini huo una gharama yake. Lorde alikuwa na desturi ya kujitaja mbele ya hadhira kwa mfululizo wa majina: mweusi, msagaji, mama, shujaa wa vita, mshairi. Hakulificha jina moja nyuma ya jingine. Isitoshe, kitabu chake cha mwaka 1982, *Zami*, kilipewa jina kutokana na neno la kisiwa cha Carriacou, alikozaliwa mamake, ambalo Lorde alilifasiri kuwa ni jina la wanawake wanaofanya kazi pamoja wakiwa marafiki na wapenzi. Alilichukua neno la mtaani, lililonong'onwa, akaliandika juu ya jalada la kitabu. Tafsiri inayolikwepa neno la mtaani la Kiswahili itakuwa imelikwepa tendo hilo pia. Kwa sababu hiyo neno 'msagaji' linatumika hapa kama jina, pasi na dharau.

Audre Lorde alizaliwa Harlem, New York, tarehe 18 Februari 1934. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Alisomea ukutubi, akafanya kazi ya maktaba kwa miaka kadhaa, akaolewa mwaka 1962 na kupata watoto wawili kabla ya ndoa hiyo kuvunjika. Diwani yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1968. Tukio linalomhusu mhakiki zaidi, hata hivyo, ni la mwaka 1973, wakati diwani yake ya tatu ilipokuwa ikitayarishwa na shirika la Broadside Press la Detroit. Shirika hilo lilikuwa mhimili wa ushairi mpya wa watu weusi, na mwasisi wake, Dudley Randall, alikuwa mshairi mwenye heshima kubwa. Katika mswada huo mlikuwamo shairi la mapenzi ambalo Randall hakulielewa. Lorde alisimulia baadaye, katika mahojiano na Adrienne Rich, kwamba Randall alimpigia simu akamwuliza kama nafsineni alikusudiwa kuwa mwanamume. Alipojibiwa kuwa sivyo, kwamba ni mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake, shairi liliachwa nje ya diwani. Lilipotokea baadaye katika jarida la *Ms.*, Lorde alichana ukurasa ule akaubandika ukutani katika idara ya Kiingereza ya chuo cha John Jay alikofundisha.

Swali la Randall halikuwa la uhasama. Lilikuwa swali la msomaji aliyezoea kaida fulani ya ushairi, na hapo ndipo lilipo funzo lake. Kaida hiyo ilimtaka atafute mwanamume popote alipotamaniwa mwanamke, na asipompata, aone kwamba shairi lina kasoro. Mhakiki wa Kiswahili anaweza kulipima jambo hili kwa urahisi katika lugha yake, ambayo viwakilishi vyake havitofautishi mke na mume. Mashairi mengi ya mapenzi ya Kiswahili huiacha jinsia ya mpendwa bila kutajwa, naye msomaji huijaza kwa mazoea, bila hata kutambua kwamba ameijaza. Randall alitambua kwa sababu shairi lilimzuia kujaza.

Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipendekezwa kupewa Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu. Lorde, Rich na Alice Walker, ambao wote watatu walikuwa wamependekezwa, walipatana kwamba yeyote atakayeshinda ataipokea tuzo kwa niaba ya wanawake wote. Rich alishinda, pamoja na Allen Ginsberg, na alipopanda jukwaani aliisoma taarifa yao ya pamoja.

Wakati huohuo mjini Boston lilikuwa likichipuka kundi dogo ambalo athari yake ilizidi mno idadi ya watu wake. Kundi hilo lilianza mwaka 1974 kama tawi la chama cha kitaifa cha wafeministi weusi, kisha likajitenga na kujiita Combahee River Collective. Jina hilo lilitokana na mto wa South Carolina ambako mwaka 1863 Harriet Tubman aliongoza shambulio la kijeshi lililowakomboa watumwa zaidi ya 750. Tamko la kundi hilo la Aprili 1977 liliandikwa na Barbara Smith, dadake pacha Beverly Smith, na Demita Frazier. Hoja yake kuu ni kwamba ukandamizaji wa rangi, wa jinsia, wa tabaka na wa mapenzi haushughulikiwi mmojammoja kwa zamu, kwani anayekandamizwa huukuta umesukwa pamoja. Dhana ya siasa za utambulisho, ambayo imetumiwa na kutumiwa vibaya duniani kote tangu wakati huo, ilitumika humo. Ajabu ni kwamba wengi wanaoilaumu dhana hiyo kwa kuwagawanya wanyonge hawajausoma waraka wenyewe. Waandishi wake walikuwa wasoshalisti, na walikataa waziwazi shauri la wasagaji wa Kizungu waliotaka kujitenga kabisa na wanaume. Walisema kwamba wanawake weusi na wanaume weusi wana vita vimoja dhidi ya ubaguzi wa rangi, hata pale wanawake hao wanapopambana na wanaume walewale kuhusu ubabedume.

Baina ya Januari na Mei 1979, wanawake weusi 12 waliuawa mjini Boston. Katika maandamano ya kuomboleza, wasemaji wengi walikuwa wanaume, na ushauri wao kwa wanawake ulikuwa wakae nyumbani au watafute wanaume wa kuwalinda. Barbara Smith alirudi nyumbani akaandika kijitabu kilichouliza kwa nini wanawake sita weusi wamekufa. Kila kilipochapwa upya ilibidi idadi ifutwe na kuandikwa nyingine: saba, wanane, hadi 12. Kilitolewa kwa Kiingereza na Kihispania, nacho kilieleza kwamba wanawake hao waliuawa kwa kuwa walikuwa weusi na kwa kuwa walikuwa wanawake, si kwa sababu moja peke yake. Nadharia ya tamko la 1977 ilipata humo mtihani wake, mitaani, miongoni mwa watu ambao hawakuwa na haja na nadharia.

Hata hivyo, kwa wasomaji wa uhakiki, kazi muhimu zaidi ya Smith ni insha yake kuhusu uhakiki wa kifeministi wa watu weusi, iliyotokea mwaka 1977 katika toleo la pili la *Conditions*, jarida lililoanzishwa Brooklyn mwaka uliotangulia. Insha hiyo ina malalamiko mawili. La kwanza linawahusu wahakiki wafeministi wa Kizungu, waliokuwa wakiandika historia za waandishi wanawake kana kwamba wanawake weusi hawajapata kuandika. La pili linawahusu wahakiki kwa jumla, ambao hata walipomsoma mwandishi mweusi walimsoma kwa kumdogosha. Mfano wa Smith ni mapitio ya *Sula*, riwaya ya Morrison ya mwaka 1973, ambamo mhakiki mmoja wa gazeti la *New York Times* alidai kuwa Morrison ana kipawa kikubwa mno kiasi cha kutofaa kubaki msimulizi wa maisha ya watu weusi peke yao. Si vigumu kwa msomaji wa Afrika kuitambua sauti hiyo. Ndiyo iliyowaambia waandishi wa bara hili kwamba watakuwa wa kimataifa siku watakapoacha kuandika juu ya vijiji vyao.

Smith aliendelea kuisoma *Sula* kama riwaya ya kisagaji, na hapo ndipo alipozua mjadala. Hakudai kwamba Sula na Nel ni wapenzi. Alikiri kwamba sivyo. Alichodai ni kwamba riwaya inauweka urafiki wao katika kitovu cha maana, na kwamba msimamo wake kuhusu ndoa, familia na mapenzi baina ya mke na mume ni wa kuhoji kutoka mwanzo hadi mwisho. Deborah McDowell alimjibu mwaka 1980 kwamba neno 'msagaji' likitanuliwa kiasi hicho litakuwa halibagui chochote, kwani riwaya nyingi za wanawake zitaingia humo. Morrison mwenyewe alikanusha katika mahojiano kwamba kuna usagaji katika *Sula*.

Pingamizi la McDowell ni la haki na halijapata jibu kamili. Fasili ya Smith inachanganya mambo mawili: usagaji kama uhusiano unaosawiriwa ndani ya matini, na usagaji kama mahali anaposimama msomaji. Walakini, usomaji wake ulifanya jambo ambalo usomaji sahihi zaidi haukuwa umelifanya. Kabla ya 1977 wahakiki waliisoma *Sula* kama kisa cha mwanamke mwovu na mwanamke mwema, wakagawana huruma. Baada ya Smith, urafiki wa wasichana wawili ukawa ndio suala la riwaya, na hata waliompinga walilazimika kuanzia hapo. Kukanusha kwa Morrison hakufungi mjadala, kwa kuwa nia ya mtunzi haijapata kuwa mpaka wa matini. Mhakiki anayekubali kanuni hiyo kwa Shakespeare na kuikataa kwa *Sula* ana jambo jingine analolilinda.

Uandishi wa namna hii ulihitaji wachapishaji, nao hawakuwapo. Mnamo Oktoba 1980 Lorde alimwambia Smith kwa simu kwamba ni lazima wafanye jambo kuhusu uchapishaji. Kutokana na mazungumzo hayo lilizaliwa shirika la Kitchen Table: Women of Color Press. Jina la meza ya jikoni lilichaguliwa kwa sababu jikoni ndiko wanawake hufanyia kazi na kuzungumza, na pia kuonyesha kwamba shirika lenyewe ni la watu wasio na mtaji wa kurithi. Mkusanyiko maarufu uliohaririwa na Cherríe Moraga na Gloria Anzaldúa, *This Bridge Called My Back*, ulikuwa umetolewa mwaka 1981 na Persephone Press, shirika la wanawake wa Kizungu karibu na Boston. Persephone ilipofunga shughuli zake mwaka 1983, kitabu kingepotea sokoni. Kitchen Table ilikichapisha upya mwaka huohuo, pamoja na *Home Girls*, mkusanyiko wa Smith wa maandishi ya wafeministi weusi. Vitabu hivyo viwili vimefundishwa katika vyuo vingi tangu wakati huo. Yafaa ikumbukwe kwamba vilifika huko kwa mikono ya wanawake waliofunga vifurushi wenyewe, wala si kwa hisani ya mashirika ya vyuo hivyo.

Ushirikiano na wafeministi wa Kizungu ulikuwa na mipaka yake. Mary Daly, aliyekaa na Lorde katika kikao cha Chicago, alitoa mwaka 1978 kitabu *Gyn/Ecology*, ambamo miungu wa kike ni wa Ulaya na mwanamke wa Afrika anaonekana tu kama mhanga wa ukeketaji. Lorde alimwandikia barua Mei 1979, kisha akaichapisha kama barua ya wazi baada ya kile alichokieleza kuwa kimya. Kwa robo karne ilisemwa kwamba Daly hakujibu. Wasifu wa Lorde ulioandikwa na Alexis De Veaux na kutolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba jibu la Daly la Septemba 1979 lilikuwamo katika hifadhi ya nyaraka za Lorde. Ugunduzi huo unasahihisha historia ya barua, lakini haugusi hoja yake. Malalamiko kwamba Afrika huitwa jukwaani ili ionyeshe makovu yake na kisha kuambiwa ishuke ni malalamiko ambayo wanawake wa Afrika wamekuwa nayo katika mikutano mingi.

Je, Lorde mwenyewe aliiita Afrika kwa namna gani? Alizuru Afrika Magharibi mwaka 1974, na diwani yake *The Black Unicorn* ya mwaka 1978 imejaa miungu na mashujaa wa kike wa Dahomey. Katika insha aliyoitoa mwaka huohuo katika *The Black Scholar* alieleza kwamba Wafon wana aina 12 za ndoa, mojawapo ikiwa ile ambapo mwanamke mwenye mali humwoa mwanamke mwenzake na watoto wakawa wa ukoo wa mwoaji. Ifi Amadiume, katika utafiti wake wa mwaka 1987 juu ya Waigbo wa Nnobi, aliwashutumu wasagaji weusi wa Magharibi kwa kuzitafsiri ndoa za namna hiyo ili kuhalalisha chaguo ambalo, kwa maoni yake, mizizi yake iko Magharibi. Shutuma hiyo inaigusa Kenya moja kwa moja, kwani ndoa hizo zinajulikana miongoni mwa Wanandi, Wakuria, Wagusii na Wakamba. Kwa Wakamba mwanamke aliyeolewa hivyo huitwa *iweto*. Utafiti wa Regine Oboler kuhusu Wanandi, uliotolewa mwaka 1980, ulionyesha kwamba suala hasa katika ndoa hizo ni urithi wa mali na mwendelezo wa nyumba.

Amadiume yuko sahihi kwamba taasisi ya ukoo haipaswi kugeuzwa ushahidi wa mapenzi. Lakini insha ya Lorde ikisomwa kwa makini, haifanyi kosa hilo kwa ukamilifu. Anasema kwamba baadhi ya ndoa hizo ni za kupata warithi na baadhi ni za mapenzi. Sehemu ya kwanza ina ushahidi mwingi, ya pili haina katika insha hiyo. Udhaifu wake ni wa ushahidi, si wa kutofautisha. Kwa upande mwingine, Amadiume naye anapita mpaka wa ushahidi wake anapogeuza kauli juu ya taasisi kuwa kauli juu ya tamaa za watu wote walioishi ndani yake. Kanuni za mahari na urithi hazimwambii mtafiti ni nani aliyempenda nani. Na kuhusu pwani, ambako lugha ina neno la zamani na la kienyeji kwa jambo hili, hoja ya mizizi ya Magharibi ina mzigo mzito wa kuthibitisha.

Mjadala huu ulifika Nairobi mapema. Mnamo Julai 1985 wanawake wapatao 14,000 walikusanyika katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kongamano la mashirika yasiyo ya kiserikali lililoambatana na mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Vikao kuhusu usagaji vilifanyika katika viwanja vya chuo hicho, na miongoni mwa waliozungumza walikuwamo wanawake wa Dunia ya Tatu waliokataa kuwakilishwa na Wazungu. Miaka kumi baadaye, mjini Beijing, ni Mwafrika, Palesa Beverley Ditsie wa Afrika Kusini, aliyesimama mbele ya mkutano rasmi kulizungumzia suala hilo. Lorde hakuwa mgeni kwa wanawake wa nchi hiyo. Katika miaka ya 1980 yeye na wenzake waliunda kikundi cha kuwachangia wanawake wa Afrika Kusini waliokuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi.

Saratani aliyoiepuka mwaka 1977 ilimrudia mwaka uliofuata, akakatwa titi. *The Cancer Journals*, kitabu alichokitoa mwaka 1980, kina kisa kimoja kinachostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa tawasifu. Lorde alifika kliniki bila titi la bandia, naye muuguzi akamwambia kwamba kuja hivyo kunawavunja moyo wagonjwa wengine. Lorde alilinganisha jambo hilo na jeraha la kamanda wa jeshi la Israeli, Moshe Dayan, ambaye hakuna aliyemtaka alifunike jicho lake kwa jicho la kioo ili awafurahishe wengine. Mantiki ni ileile ya shairi la 1973: mwili uliotajwa wazi huwaudhi wale ambao wameshauzoea ukiwa umefichwa. Miaka miwili baadaye *Zami* ikafuata, nayo Lorde aliipa jina la utanzu aliouunda mwenyewe, mchanganyiko wa historia, wasifu na visasili. 'Tawasifu-kisasili' huenda ikafaa kuwa istilahi yake ya Kiswahili.

Mwaka 1984 alifundisha katika Chuo Kikuu Huria cha Berlin. Darasani mwake walikuwamo wanawake vijana wa Kijerumani wenye asili ya Afrika ambao hawakuwa na jina la kujiita isipokuwa yale ya kutukaniwa. Kutokana na mikutano hiyo kilipatikana *Farbe bekennen*, kitabu cha mwaka 1986 kilichohaririwa na Katharina Oguntoye, May Ayim na Dagmar Schultz, na ambacho kiliitia nguvu istilahi ya Wajerumani weusi wenye asili ya Afrika. Lorde alikufa kisiwani St. Croix tarehe 17 Novemba 1992. Kitchen Table haikudumu sana baada yake. Rich aliendelea kuandika hadi kifo chake mwaka 2012. Barbara Smith alihamia Albany, mji mkuu wa jimbo la New York, na mwaka 2005 alichaguliwa kuwa diwani wa mji huo. Alitumikia vipindi viwili, akishughulikia ghasia za vijana, shule, na nyumba zilizohamwa katika kata yake.